Ushauri: nawaonyeshaje wanafunzi wa S.2 (kidato cha pili) kwamba kuungua kwa kuni ni badiliko la kikemikali?

ticha_mbale
Wakuu, maabara hatuna, sigiri ipo. Nikichoma kijiti, wanafunzi wanabisha: majivu yalikuwamo mtini tangu mwanzo, na moshi ni "mvuke wa mti" tu, kama maji yakichemka. Jaribio gani litawamaliza?

kopo_la_bati
Mwalimu, kuhusu majivu wana hoja: potasiamu na kalsiamu zilikuwamo mtini kweli, ila katika misombo mingine ya kikemikali. Anza na moshi.

Chukua kopo la chuma lenye kifuniko cha chuma, si cha plastiki. Toboa kifuniko kwa msumari wa inchi tatu. Jaza nusu vijiti vikavu vyembamba kama njiti za kiberiti, funga, weka kwenye sigiri iliyokolea. Moshi mweupe wa mwanzo ni maji mengi, uache upite. Ukishakuwa mzito na wa manjano, sogeza njiti inayowaka kwenye tundu: moshi wenyewe utashika moto. Hapo waulize kama mvuke wa birika huwaka.

Mwali wa tunduni ukizimika wenyewe, epua. Usifungue kabla kopo halijapoa kabisa, maana hewa ikiingia mkaa utawaka na kuishia majivu. Ndani utakuta mkaa, na chini ya kifuniko lami ya kahawia inayonata.

senene_mkavu
Fanyeni nje, gesi hiyo ina kaboni monoksaidi, ni sumu. Na lami huziba tundu. Likiziba kabisa kifuniko kinaruka. Mimi ningetoboa mawili.

ticha_mbale
Asanteni. Na kaboni dioksaidi? Chokaa ya kupaka ukuta inafaa?

kopo_la_bati
Inafaa ikiwa mfuko ni mpya. Iliyokaa wazi imeshakula kaboni dioksaidi ya hewani, haiyeyuki tena. Kijiko cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tikisa, funga, acha usiku kucha, mimina yale maangavu tu. Pulizia kidogo kwa mrija: yasipogeuka maziwa, chokaa imekufa. Kisha inamisha chupa kavu ya jemu juu ya mwali wa kijiti sekunde chache. Ukungu ukionekana kwenye kioo, hayo ni maji yaliyozaliwa na moto. Funika, ongeza vijiko viwili vya maji ya chokaa, tikisa: yakigeuka maziwa, kaboni dioksaidi imo. Yasiingie machoni, yanaunguza.

ganda_la_matoke
Majivu nayo yana jibu. Kausha maganda ya matoke, gawa mafungu mawili. Moja choma hadi majivu meupe, la pili twanga likiwa kavu hivyohivyo, bila moto, liwe unga. Kila fungu kijiko kimoja, nusu kikombe cha maji, chuja kwa kitambaa. Dondoshea kwenye maji ya petali nyekundu za haibiskasi. Ya majivu yatageuka kijani, ya unga hayafiki huko. Kama ile alkali (kinyume cha asidi, ndiyo inayoleta kijani) ilikuwamo kabla ya moto, mbona unga hauionyeshi?

ticha_mbale
Hilo la mafungu mawili ndilo nitakaloanza nalo. Petali kiasi gani?

ganda_la_matoke
Tano, kikombe cha maji ya moto, dakika kumi. Tumia siku hiyohiyo, yakilala yanapoteza rangi.