Gumzo la ukoo: bahari imebadilika rangi

Mama Mdogo: Jamani mmeyaona maji leo? Mekundu kama yamechanganywa na udongo. Watoto wameokota kome ndoo nzima, ndiyo nabandika sufuria.

Dada: Mama mdogo ngoja!! Usiwapike

Mjomba: Waweke kando kwanza. Huo si udongo, ni mwani mdogo mno, macho hayauoni mmojammoja. Umezaliana kupita kiasi. Mwingine hauna neno, mwingine una sumu, na kwa rangi tu huwezi kujua upi ni upi.

Mama Mdogo: Nikiwachemsha sana? Na ndimu?

Mjomba: Moto hauiondoi sumu hiyo, wala ndimu, wala kugandisha. Kome hula kwa kuchuja maji, sumu inajilimbikiza ndani yake na mwenyewe yuko mzima. Hanuki, ladha ni ileile.

Dada: Mwaka 1987 kule Prince Edward Island, Canada, kome waliugulisha watu zaidi ya 100. Wengine walikufa, na kuna waliopona wakabaki wamepoteza kumbukumbu. Tafadhali msidharau.

Bibi: Yarabi. Na aliyekwisha kula?

Mjomba: Shikamoo mama. Sumu moja inayojulikana sana huanza na midomo na ulimi kuchonyota au kufa ganzi, kisha vidole. Ikizidi, inazuia kupumua. Akihisi hivyo akimbizwe hospitali hapohapo. Dawa ya kuivunja hakuna, ila mashine ya kupumulia humsaidia mpaka mwili uitoe.

Bibi: Marahaba. Watoto hawajaonja?

Mama Mdogo: Hawajaonja mama, nimeshawauliza wote.

Kaka: Na wale samaki waliokufa ufukweni?

Mjomba: Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa kukosa hewa. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha hula oksijeni ya maji. Usiku ni mbaya zaidi, maana hata mwani hai unavuta oksijeni bila kuitengeneza. Msiwaokote.

Dada: Mbolea ya mashambani na maji taka ndivyo vinavyoulisha mara nyingi. Ghuba ya Mexico kila kiangazi kuna eneo kubwa chini halina hewa ya kutosha, kwa mbolea inayoshushwa na mto Mississippi. Inaniuma sana.

Mama Mdogo: Nimezima jiko. Nawatupa wapi?

Mjomba: Wafukie, paka wasifikie. Na maji yakitakata msikimbilie kuokota, sumu hukaa ndani ya kome hata wiki kadhaa. Nampigia afisa uvuvi wachukue sampuli.

Kaka: Mimi nateremka ufukweni, kuna watu bado wanaokota.