Uzamili wa saikolojia ya makuzi: nataka kuwafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5, muda utatosha?

Chombo_Bandarini aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nina shahada ya kwanza ya ualimu na muhula ujao naanza uzamili wa saikolojia ya makuzi. Programu ni ya miaka miwili, mwaka wa pili wote ni wa tasnifu. Nataka kuwafuatilia watoto kuanzia miaka 3 hadi 5 nione uwezo wao wa kujidhibiti unavyokua, na kama lugha ina mchango. Naomba mnisaidie mambo matatu: muda unatosha? Nitumie kipimo gani? Na takwimu nijue kiasi gani, maana nilizonazo ni wastani, mchepuko sanifu na jaribio la t, basi. Nadharia hainitishi, Piaget na Vygotsky nimewasoma ualimuni.

---

Kasuku_wa_Data alijibu:

Muda hautoshi, mkuu. Mtoto akiwa na miaka 3 leo, ukitaka kumwona akifika 5 unasubiri miaka miwili kamili, na kibali cha kamati ya maadili bado hujapata.

Wengi hukimbilia kuwapima watoto wa miaka 3, 4 na 5 kwa wakati mmoja. Inawezekana, ila hapo utakuwa umepata tofauti kati ya watoto wa umri mbalimbali, hujaona mtoto hata mmoja akibadilika. Kwa umri huu kuna mtego mwingine: mara nyingi wa miaka 5 wameshaanza shule na wa miaka 3 bado. Tofauti utakayoiona ni ya umri au ya darasa? Data yako haitakujibu.

Njia ya kati ni kuunganisha makundi. Chukua manne: walio na miaka 3, mitatu na nusu, 4, na minne na nusu. Kila kundi lipime mara tatu: mwanzo, baada ya miezi 3, baada ya miezi 6. Kundi la kwanza linamaliza pale la pili lilipoanzia, na kuendelea hivyo, hadi unaufunika umri wa miaka 3 hadi 5 kwa miezi sita ya kazi. Kwenye maungio angalia: watoto wa kundi la kwanza wakifika miaka mitatu na nusu, wastani wao ulingane na wa kundi la pili siku ya mwanzo. Usipolingana, ama makundi yako ni ya watoto wa aina tofauti, ama wale wa kwanza wameshauzoea mchezo.

Lakini piga hesabu kabla ya kuahidi. Watoto 25 kwa kundi ni 100, mara tatu ni vikao 300. Ukiweza wanne kwa asubuhi ni asubuhi 75, bila kuhesabu mtoto anayeumwa au aliyehama. Ukipoteza asilimia 20 kila awamu, 100 wanabaki 80, kisha 64. Na wanaopotea hawapotei kwa bahati tu: mara nyingi ni familia zinazohamahama au zenye hali ngumu, kwa hiyo wanaobaki wanakudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Kwa uzamili, mimi ningesema tumia data iliyopo. Millennium Cohort Study ya Uingereza imefuatilia takriban watoto 19,000 waliozaliwa 2000 hadi 2002. Wamepimwa msamiati wakiwa na miaka 3 na 5, na wazazi wakajibu maswali ya kujidhibiti miaka hiyohiyo. Swali lako limekaa humo ndani karibu lote. Kasoro yake ni kwamba kujidhibiti kumepatikana kwa maelezo ya mzazi, siyo kwa mtoto kufanya kazi mezani.

---

BiMizani alijibu:

Nakubaliana na Kasuku kuhusu muda. Mimi nishike vipimo, maana hapo ndipo tasnifu nyingi zinapoharibikia.

Kwa umri huo kipimo kinachotumika sana ni kupanga kadi kwa kubadili kanuni, utaratibu aliouandika mtafiti Zelazo mwaka 2006. Vitreya viwili, kimoja kina kadi ya sungura wa bluu, kingine ya mashua nyekundu. Mtoto anapewa kadi za sungura wekundu na mashua za bluu. Kadi sita za kwanza anapanga kwa rangi, sita zinazofuata kwa umbo (kwa nusu ya watoto anza na umbo). Kila kadi unarudia kanuni kwanza, na kadi inawekwa kifudifudi ili zilizotangulia zisimwongoze. Akipata 5 kati ya 6 baada ya kubadili, amefaulu. Wa miaka 3 wengi hukwama kwenye kanuni ya kwanza ingawa ukiwauliza wanakutajia ya pili bila shida. Kufikia miaka 5 wengi hufaulu.

Hapo hapo ndipo tatizo lako lilipo, ndugu. Kundi la chini karibu wote wanapata sifuri, kundi la juu karibu wote wanapata sita. Katikati hakuna kitu cha kuchambua. Kwa wakubwa ongeza hatua ya mpaka: kadi yenye fremu nyeusi inapangwa kwa rangi, isiyo nayo kwa umbo, kadi 12, kufaulu ni 9. Kisha weka kipimo cha pili, mfano ule wa jua na mwezi, mtoto aone jua aseme "usiku", aone mwezi aseme "mchana". Kipimo kimoja peke yake kinabeba mambo mengi yasiyo ya kujidhibiti.

Mambo yanayokosewa na wapimaji: kutupia jicho treya sahihi kabla mtoto hajaamua, kusema "vizuri!" akipatia tu na kunyamaza akikosa (baada ya kubadili kanuni usimwambie kama amepatia au amekosa), kusahau kurudia kanuni. Rekodi kwa video, na mtu wa pili asiyejua matarajio yako aandike alama zake mwenyewe kwa asilimia 20 hadi 25 ya vikao. Usiripoti asilimia ya makubaliano tupu. Kama wote wawili wanaandika "sahihi" mara 90 kwa 100, wangekubaliana asilimia 82 hata wakibahatisha. Tumia kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya kubahatisha.

Kikao kizima kisizidi dakika 20. Ridhaa ya mzazi haitoshi: mtoto akishuka kwenye kiti na kwenda zake, amekataa, kikao kimeisha.

---

Chombo_Bandarini alijibu:

Aisee, asanteni. BiMizani, nikitumia dodoso la walimu badala ya kadi? Vikao 300 vimenitoa jasho.

---

BiMizani alijibu:

Unaweza, ila usidhani ni kitu kilekile kwa bei nafuu. Mtafiti Toplak na wenzake walipitia tafiti zilizotumia vyote viwili mwaka 2013, uhusiano wa katikati (mediani) ulikuwa 0.19 tu, na 1 ndiyo kulingana kabisa. Dodoso linaeleza mtoto anavyoishi darasani kila siku. Kadi zinaeleza anachoweza mtu mzima akikaa naye mezani, pako kimya. Chagua kinachojibu swali lako, kisha ukiite kwa jina lake kwenye tasnifu.

---

Pima_Mara_Mbili alijibu:

Kwenye takwimu, anza na regresheni (kukadiria kitu kimoja kutokana na vingine) mpaka uielewe vizuri, kisha modeli za ngazi, zinazojua vipimo vipi ni vya mtoto yupi, kwa sababu vipimo vitatu vya mtoto mmoja si watoto watatu. Programu ya takwimu ya R ina kifurushi cha lme4 kwa kazi hiyo, ni bure. Vipimo viwili vinakupa tofauti tu. Ili ujue mstari wa ukuaji unahitaji angalau vitatu, na ukitaka kuona mkunjo, vinne.

Idadi ya watoto: kugundua uhusiano wa 0.3 kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani nafasi ya 80 kwa 100 ya kuuona kama upo) unahitaji kama 85, kwa 0.2 ni kama 194. Programu ya G*Power itakukokotolea.

Sasa suala lenyewe. Lugha inapanda na umri, kujidhibiti kunapanda na umri. Ukichukua watoto wa miaka 3 hadi 5 ukavihusianisha viwili hivyo, utapata namba kubwa inayopendeza, na sehemu kubwa ni umri tu. Ingiza umri kwa miezi au siku, usiandike "miaka 4" kwa aliye na miaka 4 na aliye na miaka 4 na miezi 11. Tena maelekezo ya kadi ni maneno, kwa hiyo mtoto asiyeyaelewa ataonekana hajidhibiti. Weka maswali ya kuhakiki kama ameelewa kanuni, na asiyepita hatua ya kwanza asihesabiwe kwamba amefeli ya pili.

Na kuhusu nadharia, mkuu, ulivyosoma ualimuni havitoshi. Vygotsky ana la kusema hapa, maana alidai mtoto hujiongoza kwa kujisemesha. Lakini mabishano ya sasa ni mengine. Zelazo anasema wa miaka 3 anakwama kwa kushindwa kuweka kanuni mbili chini ya kanuni moja kubwa. Mtafiti mwingine, Munakata, anasema ni kumbukumbu hai ya kanuni mpya kuwa dhaifu kuliko mazoea ya kanuni ya zamani. Fikiria ungetarajia nini mtoto akipewa kadi 12 za kanuni ya kwanza badala ya 6. Kwa Munakata, mazoea zaidi yafanye kubadili kuwe kugumu zaidi. Kwa Zelazo, idadi ya kadi haina uzito huo. Hilo peke yake ni swali la tasnifu, watoto wa miaka 3 na 4 tu, kikao kimoja kila mtoto, hakuna wa kumfuatilia.

---

Kasuku_wa_Data alijibu:

Wazo la Pima ni zuri kuliko langu, kama msimamizi wako ana chekechea anazofanya nazo kazi tayari. Muulize hilo kabla ya jambo lingine lolote. Kama hana, kupata ruhusa ya shule, kibali cha maadili na ridhaa za wazazi kunaweza kumeza muhula mzima, hapo rudi kwenye data iliyopo na uombe idhini ya kuitumia mwaka wa kwanza ukiwa bado na vipindi.