Tundu la plagi limekuwa kibogoyo: tapu, springi, bushi au ning'oe hedi?

mgeni_wa_spana
Wakuu, habari zenu. Nimejiharibia mwenyewe, simlaumu mtu. Injini ni ya silinda nne, hedi (kichwa cha injini) ya alumini, plagi za milimita 14 zenye hatua ya 1.25 (umbali wa jino hadi jino) na shingo ya milimita 19. Nilikuwa na haraka, nikafungua plagi injini ikiwa bado ya moto. Tatu zilitoka bila neno. Ya silinda ya 3 ilitoka kwa ubishi, inalia kama bawaba yenye kutu, na ilipofika mkononi nikaona imevaa alumini katikati ya meno yake. Plagi mpya inazama karibu yote, inashika kidogo, kisha inazunguka bure.

Njia ninazozisikia ni nne: kupitisha tapu (chuma cha kukatia meno) ili kufufua meno, kuweka Helicoil (ile springi ya waya), kuweka bushi nzima ya chuma, au kung'oa hedi niipeleke kwa wakereza vyuma. Ningependa kumaliza nyumbani. Nani amepita njia hii?

DadaFundi
Kabla hujanunua chochote, angalia ndani. Tochi pekee haikutoshi, tafuta kamera ya waya. Shingo ya milimita 19 kwa hatua ya 1.25 ni meno kama 15. Hesabu yaliyobaki, na uone yako wapi. Yakiwa yameharibika ya juu tu, yaani mtu alifunga plagi upande, hilo ni jambo dogo. Yakiwa yameondoka ya katikati, hilo ni lingine kabisa.

Tapu na Nati
Mimi nilitumia ile tapu inayopanuka. Unaiingiza ikiwa imejikunja, inapita bila kugusa kitu, ukishafika chini unaipanua halafu unaizungusha ukitoka nayo. Inaanzia kwenye meno mazima ya ndani, kwa hiyo inajielekeza yenyewe, na chenga nyingi (vipande vya alumini iliyokatwa) zinakuja nje badala ya kudondokea kwenye pistoni. Saa moja kazi imekwisha, gari linatembea hadi leo.

Babu Grisi
@Tapu na Nati wewe meno yako yalikuwa yamepinda tu. Ya huyu yametoka na plagi, kasema mwenyewe. Tapu haioteshi meno, inachana yaliyopo.

mzee_wa_gundi
Kuna gundi ya chuma ya kuchanganya, inavumilia joto. Paka, funga plagi, acha ikauke usiku kucha. Nimefanya kwenye mashine ya kukatia majani.

Babu Grisi
Ndugu yangu, hapana. Plagi haikai pale kama kizibo tu. Mchanganyiko ukiwaka silindani unaisukuma kwa nguvu kila mara, na joto lake kubwa linatorokea kwenye hedi kupitia meno na gasketi. Ukiweka gundi katikati umeifunika plagi blanketi. Ikikubali, itakuwa ya moto kupita kiasi. Ikikataa, itatoka kama risasi na kuondoka na koili yake.

mzee_wa_gundi
Basi nimenyamaza. Mashine ya majani bado inafanya kazi lakini 😄

mgeni_wa_spana
Nimeazima kamera. Meno matatu ya chini kabisa yapo ila yamelala. Juu yake ni ukuta laini, hata alama ya jino haionekani. Kwa hiyo tapu imetoka kwenye mashindano. Imebaki springi au bushi.

Pistoni Kavu
Mimi ni mtu wa Helicoil na sioni aibu. Tundu linapanuliwa kidogo, linakatwa meno mapya ya upana wa kama milimita 15.6 kwa tapu yake maalumu, kisha unapenyeza springi ya chuma kisichoshika kutu. Springi inajitanua na kubana ukuta, na kwa ndani unapata tena milimita 14. Ni rahisi kupata, bei yake iko chini, na inakula alumini kidogo. Angalia jambo moja: springi za bolti za kawaida zina ulimi chini ambao huvunjwa baada ya kufunga. Kwenye plagi hutaki ulimi huo udondoke silindani. Nunua seti ya plagi, si seti yoyote yenye namba 14.

Babu Grisi
Sikatai, Helicoil kwenye bolti ya kifuniko cha giaboksi ni dawa. Bolti ile hufunguliwa mara moja kwa miaka. Plagi itafunguliwa tena na tena, ndani ya moto, na kaboni inajijenga kwenye meno ya chini. Nimeona springi ikitoka imeshikana na plagi, imenyooka kama tambi. Hapo mteja anakuangalia wewe, haiangalii springi.

Bushi nzima, mfano Time-Sert, ina mambo mawili ambayo springi haina. Kwanza, juu ina ukosi unaokaa kwenye kitako kilichochongwa, kwa hiyo haiwezi kushuka ikaingia silindani. Pili, meno yake ya mwisho ya ndani hayajamaliziwa kiwandani. Ukiingiza kifaa chake cha kufungia, kinayasukuma meno hayo kwa nje, bushi inavimba chini na kuuma alumini. Imefungwa juu, imefungwa chini. Na ikitokea umekosea, kuna toleo kubwa zaidi, Big-Sert, la kuokoa tundu lililokwisha kuharibiwa na matengenezo ya kwanza.

Pistoni Kavu
Springi iliyotoka na plagi ni ya mtu aliyefunga bila kusafisha mafuta ukutani. Lakini sawa, kwa plagi nakubali bushi imenizidi. Bei ya seti yake ndiyo inayoniuma kwa tundu moja.

DadaFundi
Mnazozana springi na bushi, na hakuna aliyegusa kinachoua injini: chenga. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo ile fimbo ya sumaku iache ndani ya sanduku. Ninavyofanya mimi hedi ikiwa haijang'olewa:

Kwanza naweka pistoni katikati ya safari yake ya kushuka baada ya mlipuko, valvu zote zikiwa zimefungwa. Pistoni ikiwa juu kabisa utaigonga na tapu, na valvu ikiwa wazi unaweza kuigusa. Halafu najaza grisi nzito kwenye mifereji ya tapu. Robo mzunguko mbele, narudi nyuma kidogo, naendelea. Baada ya mizunguko miwili natoa tapu yote, nafuta, najaza grisi mpya. Inachosha. Tapu moja inaweza kutoka na kurudi mara nane. Mwisho nafunga bomba jembamba la plastiki kwenye mashine ya kuvuta vumbi kwa utepe, naliingiza hadi juu ya pistoni na kulizungusha kila kona, kisha kamera, kisha navuta tena.

Tapu na Nati
Mbona usipulize na kompresa? Unazungusha injini hadi valvu ya moshi ifunguke, unapuliza, zinatoka kwa ekzosi.

DadaFundi
Wapo wanaofanya hivyo. Mimi sipendi kusukuma kitu nisichokiona kwenda mahali nisipopaona. Nikishavuta, nachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, nazungusha injini kwa starta sekunde chache plagi ikiwa nje. Vaa miwani na usisimame juu ya tundu.

Babu Grisi
Hapo kwenye chenga dada kanifunga mdomo. Naongeza la unyoofu. Tundu la plagi siku hizi liko chini ya kisima kirefu, huoni pembe. Ukikata upande hata kidogo, kitako cha gasketi hakilali sawasawa na gesi inavuja. Chukua fimbo ndefu, ifunge kwenye tundu zima la jirani, ikupe mwelekeo wa kufuata. Kama mkono wako haujazoea tapu, ng'oa hedi. Ni gasketi mpya, boliti za hedi mpya kwa injini nyingi, na siku nzima ya kazi, lakini unakata mezani na chenga zinaanguka chini sakafuni.

Na urefu! Bushi fupi inaacha meno ya chini wazi, kaboni inajaa. Bushi ndefu inachungulia chumba cha moto, inakuwa nyekundu na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Plagi yako ni 19, tafuta bushi ya 19.

mgeni_wa_spana
Mrejesho. Nimeazima seti ya bushi, hedi sijaing'oa. Kukata kumenichukua jioni mbili kwa sababu ya kutoa tapu kila mara, na grisi ilitoka inang'aa kama imemwagiwa pambo. Nimevuta mara tatu. Kamera bado ilionyesha kipande kimoja ukingoni mwa pistoni, nikavuta mara ya nne. Bushi imekaa, ukosi uko sawa na kitako. Swali la mwisho: plagi nipake ile grisi ya kuzuia kushikana?

Pistoni Kavu
Paka kidogo, si kuikosa ndiko kulikokuletea msiba?

DadaFundi
Kilichomletea msiba ni injini ya moto na haraka. NGK wenyewe wanasema plagi zao zenye mpako zifungwe kavu. Ukipaka grisi msuguano unapungua, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) inakuonyesha namba ileile huku meno yamevutwa zaidi. Milimita 14 kwenye hedi ya alumini, Nm 25 hadi 30. Anza kwa mkono hadi gasketi iguse, ndipo ushike spana.

mgeni_wa_spana
Nimefunga kavu, Nm 25. Imewaka, haitetemeki. Baada ya wiki mbili nimeifungua injini ikiwa baridi kuona kama bushi itanifuata. Haikunifuata. Ila nilipogusa ya silinda ya 4, nayo imeanza kulia.

Babu Grisi
Simama hapohapo, usiendelee kufungua. Rudisha robo mzunguko, mwagia mafuta ya kupenyeza, iache hadi kesho. Kesho robo mbele, robo nyuma, kila ikikaza unarudi. Na hiyo seti usiirudishe kwanza.