Mliosoma vyuo vya Mombasa: leo mngejiandikisha pale pale?

Mwana wa Mikindani

Assalaam aleikum, hamjambo wote.

Nyumbani kuna mjadala usiokwisha. Mdogo wangu amepata C kwenye KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), hisabati C na fizikia C-. Digrii moja kwa moja haiwezekani kwa kuwa inataka C+, lakini diploma inaanzia C-, kwa hiyo mlango uko wazi. Anasitasita kati ya umeme, uhandisi wa meli na hoteli. Kila mkubwa wa ukoo anasifia chuo alichosoma yeye.

Nawauliza mliosoma hapa na mnaofanya kazi hizi: leo mngerudi chuo kile kile? Sihitaji jina la chuo cha kusifiwa wala cha kupondwa. Nataka kujua cha kukagua kabla ya kulipa. Tuna wiki tatu.

---

Fundi wa Changamwe

Wa aleikum salaam. Kwa diploma ya umeme ningerudi, lakini baada ya kuingia karakana na kujionea.

Nendeni siku ya masomo, asubuhi, mkaombe kuona chumba cha mota. Hesabuni paneli za mazoezi, kisha hesabuni wanafunzi waliozizunguka. Wakiwa wanne kwa paneli moja, kila mtu atashika bisibisi. Wakiwa kumi na watano, wawili wanafunga na waliobaki wanapiga picha kwa simu. Halafu mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mumuulize hivi: stata ya kawaida, yaani kifaa cha kuwashia mota, ukibonyeza kitufe cha kijani mota inazunguka, ukiachia inazima. Kosa liko wapi? Aliyewahi kuifunga kwa mikono yake atajibu papo hapo kwamba kontakti saidizi ya kontakta (swichi inayovutwa na koili ya umeme), ile yenye namba 13 na 14, haikuunganishwa sambamba na kitufe cha kuwashia, ndiyo maana koili haina kinachoishikilia. Akianza kukariri kanuni ya Ohm, karakana hiyo wanafunzi hawaitumii.

Ulizeni pia habari ya mega, kifaa cha kupimia insulesheni ya waya. Je, ipo, inafanya kazi, na wanafunzi wanaitumia? Waya za nyumba ya volti 240 hupimwa insulesheni kwa volti 500 za DC, na jibu lisipungue megaomu 1. Huku pwani jambo hili lina uzito kuliko bara. Hewa ya chumvi inakula terminali, unyevu unaingia kwenye boksi za nje, na fundi asiyejua kupima anabadilisha breka mara tatu huku waya ndio wenye kasoro.

Digrii ya baadaye ni suala jingine, na hapo wengi wanaumia. Kuna digrii ya uhandisi na kuna digrii ya teknolojia. Zinafanana kwa jina na kwa ada, lakini haziendi bodi moja. Bodi ya Wahandisi, EBK, huandikisha wahandisi, na huangalia programu yenyewe wala si jina la chuo kikuu. Chuo kinaweza kuwa na programu mbili zilizokubaliwa na ya tatu ikawa bado. Wa teknolojia na wenye diploma huandikishwa na KETRB, bodi yao wenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, kama wanateknolojia na mafundi sanifu. Hiyo ni kazi halali na yenye heshima, ila mwenye cheti hicho hawezi kutia sahihi mchoro kama mhandisi. Someni orodha ya EBK programu kwa programu kabla ya kujaza fomu yoyote ya digrii.

---

Bi Tudor

Kabla hamjawasikiliza wakubwa wa ukoo, waulizeni walimaliza mwaka gani. Chuo chaweza kubaki pale pale na kikawa si kile tena.

Tazameni Technical University of Mombasa hapa Tudor. Ilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengine. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya chuo kikuu cha JKUAT, na 2013 ikapata hati ya chuo kikuu kamili. Mtu wa mwaka 1985 akisema "ningerudi", anazungumzia politekniki ya mafundi. Aliyemaliza 2018 anazungumzia chuo kikuu. Wote wawili wasema kweli, lakini si juu ya kitu kimoja.

Mimi ningechukua maoni ya waliomaliza ndani ya miaka mitatu iliyopita tu. Na badala ya kuwauliza kama walikipenda chuo, ningewauliza mambo mawili: cheti kilichukua miezi mingapi kutoka baada ya mtihani wa mwisho, na nafasi ya atachimenti (mazoezi ya kazini) waliitafuta wenyewe au chuo kiliwasaidia?

---

Baharia wa Kilindini

Nije kwa upande wa meli, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Jibu langu fupi ni hili: chuo ningerudi, lakini kozi nisingeanza nayo bila kujua nitapata wapi muda wa bahari. Darasa ni nusu ya safari. Chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, anayetaka cheti cha afisa wa zamu, awe wa sitaha au wa injini, akipitia mafunzo yaliyoidhinishwa anahitaji miezi 12. Wa sitaha huihesabu yote baharini, wa injini huchanganya karakana na bahari. Katika hiyo miezi 12, sita iwe ya zamu chini ya usimamizi wa maafisa, na yote iandikwe na kutiwa sahihi kwenye kitabu cha mafunzo cha melini. Asiyepitia mafunzo hayo anadaiwa miezi 36. Kenya haina meli nyingi za masafa za kuwabeba makadeti (maafisa wanafunzi), na ndiyo maana kuna vijana wenye diploma safi ya meli wanaouza vifaa vya simu. Mkifika chuoni ulizeni hivi: makadeti wangapi wa darasa lililopita wamepanda meli, meli gani, kwa miezi mingapi? Jibu liwe idadi na majina ya kampuni. "Tuna ushirikiano na kampuni mbalimbali" si jibu.

Kabla ya hayo yote, akapimwe macho. Nasema kabla ya kulipa hata shilingi. Kile kitabu cha vidoti vya rangi, kipimo cha Ishihara, hakichukui dakika kumi. Taa nyekundu na kijani za meli nyingine usiku ndizo zinazokuonyesha inaelekea wapi, kwa hiyo asiyetofautisha rangi hizo hapewi cheti cha sitaha. Kwa injini na umeme kipimo ni chepesi kidogo, lakini kipo. Kuna wanaosoma miaka miwili ndipo wanapimwa. Cheti cha afya cha baharia chenyewe hudumu miaka miwili, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni mwaka mmoja.

Kisha kuna kozi za msingi za usalama: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi na wajibu wake melini. Juu yake huongezwa ile ya tahadhari za ulinzi wa meli. Bila hizi hupandi. Kujiokoa na kuzima moto lazima uthibitishe tena kila miaka mitano, kwa hiyo kuzifanya mapema mno, wakati hakuna meli mbele yako, ni kuanza kuhesabu siku bure. Hakikisheni chuo kimeidhinishwa na Kenya Maritime Authority (KMA) kwa kozi hiyo hasa. Na mahali pasipo na bwawa la kuogelea wala uwanja wa kuzimia moto, hayo mafunzo wanayafanyia wapi?

Neno la mwisho ni la mawakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anacholipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Mtu akiwaambia "leta laki moja na nusu nimpandishe mwezi ujao", simameni mwondoke, kisha mkaulize KMA kama ana leseni.

---

Jiko la Nyali

Kwa hoteli ningerudi, mradi kalenda iwe sawa. Msimu wa watalii pwani hushuka Aprili hadi Juni, wakati wa masika. Hoteli nyingine hufunga kabisa, nyingine hubakiza wafanyakazi wachache. Chuo kinachopeleka wanafunzi wake atachimenti mwezi wa Mei kinawapeleka jikoni pasipo na wageni, na kijana atashinda akimenya viazi vya wafanyakazi. Agosti au Desemba atapika kweli, na ndipo mpishi mkuu anapomwona.

Ulizeni pia nani hununua vyakula vya vitendo. Ada inaweza kuonekana ndogo, kumbe kila wiki mwanafunzi anachangia nyama, siagi na unga. Na cheti cha afya cha kushika chakula hufanywa upya kila miezi sita, kiwekeni kwenye bajeti.

---

Karani wa Mitihani

Yote yaliyosemwa ni mazuri, ila mimi ningeanza na makaratasi.

Leseni za TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, ni mbili: ya chuo na ya kozi. Chuo chaweza kuwa na leseni huku kozi ya mdogo wako ikiwa haimo. Angalieni zote mbili kwenye tovuti ya TVETA, na muulize kama chuo ni kituo cha tathmini cha CDACC (baraza linalotahini kozi za umahiri) kwa kozi hiyo na kwa ngazi ya 6, ambayo ndiyo diploma. Kikiwa kituo cha ngazi ya 5 tu, mtasikia habari hiyo mwaka wa pili.

Kwenye mtindo huu wa umahiri, mwanafunzi hukusanya ushahidi wa kazi zake kwenye faili: picha, michoro, fomu zenye sahihi ya mkufunzi. Faili likipungua, matokeo hurudi "bado hajamudu" hata kama mtihani wa kuandika amefanya vizuri. Chuo makini hukagua mafaili kila muhula. Kizembe hukumbuka wiki moja kabla ya tathmini, na wakufunzi wengine washahama.

---

Mwana wa Mikindani

Allah awalipe. Tumempeleka kupima macho leo, rangi zote anaona vizuri. Moyo wake uko kwenye meli, lakini mama anataka umeme.

Jingine limezuka tulipotoa vyeti: cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE Mohammed. Kuna neno hapo?

---

Karani wa Mitihani

Lipo, na kubwa. Hapa pwani ndilo kosa la kila siku: Mohamed, Mohammed, Muhammad, au Ali na Aly. Chuo humwandikisha kwa jina la KCSE, kitambulisho hutoka kwa jina la cheti cha kuzaliwa, na siku ya pasipoti au kitabu cha baharia karatasi hazisemi kitu kimoja. Tofauti ya herufi moja mara nyingi humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, lakini si kila ofisi hukikubali. Jina likitofautiana kabisa, inabidi hati ya kubadilisha jina isajiliwe na itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na hilo lina foleni.

Kama bado hana kitambulisho, chagueni tahajia moja sasa na kila hati mpya iifuate. Fanyeni kabla ya kuandikishwa CDACC. Baada ya cheti kuchapishwa ni kazi mara tatu.

---

Baharia wa Kilindini

Kuhusu mama na meli, si lazima mmoja ashindwe. STCW ina cheti cha afisa wa umeme wa meli. Kwa mafunzo yaliyoidhinishwa kinataka miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, na sita tu ndiyo lazima iwe baharini. Diploma ya umeme pekee haitoshi, kuna mafunzo ya ziada ya vifaa vya meli, lakini ni msingi unaofaa.

Na akikosa meli, nchi kavu kuna kazi ileile. Makontena ya baridi yanayoshushwa Kilindini hutumia umeme wa fezi tatu, volti 380 hadi 460, plagi ya ampea 32, na lazima yawe na mtu wa kuyachomeka, kusoma joto na kutafuta hitilafu usiku na mchana. Kreni nazo ni mota na kontakta zilezile alizozitaja Fundi wa Changamwe. Aliyesoma meli peke yake akikosa meli, milango yake ni michache zaidi.

Mimi ningemwandikisha umeme, na kwenye karakana ningeuliza kitu kimoja zaidi: wanafundisha mota za fezi tatu mwaka wa kwanza au wa mwisho? Zikiwa za mwaka wa mwisho, ataenda atachimenti bandarini akiwa hajawahi kuzigusa.

---

Fundi wa Changamwe

Naunga mkono. Barua ya kuomba atachimenti aipeleke miezi mitatu kabla, ikiwa na nakala ya bima ya ajali ya mwanafunzi. Bila bima hiyo langoni hapiti, na wengi hupoteza wiki mbili za kwanza wakiitafuta.