MREJESHO: Niliyeuliza namna ya kuishi maisha mepesi, Tanga

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwauliza: kazi ninayo, gari ninalo, lakini kila jioni nafika nyumbani Chumbageni moyo mtupu, nifanyeje? Ahsanteni sana, majibu yenu niliyasoma yote mara mbili.

Nilifuata ushauri wa baiskeli. Gari nimeuza, mkopo nimemaliza, kazini nakwenda kwa baiskeli kama Watanga wengi. Faida yake sikuitegemea: watu wananiita. Mama wa vitumbua kule Ngamiani nilimpita miaka minne vioo vimefungwa. Leo ananiwekea viwili vilivyoungua kidogo ukingoni, anajua ndivyo nivipendavyo. Nikichelewa, anauliza.

Kuzima simu baada ya Isha bado kunanishinda. Wiki ikiwa nzuri naweza siku tatu. Bustani ya mchicha ndiyo imekufa kabisa, kuku wa jirani waliimaliza kabla sijachuma hata fungu moja. Nimeacha.

Jumamosi alfajiri naenda soko la samaki la Deep Sea, nanunua changu wawili, narudi taratibu kwa miguu. Jumamosi iliyopita nilikwenda na mwanangu wa miaka sita. Alimbeba samaki mmoja kwa mikono miwili njia nzima, magamba yakamganda vidoleni, akakataa kunawa mpaka bibi yake aone.

Mzee uliyeniambia nisiende peke yangu, nende na mtoto: Mungu akulipe. Kesho kutwa tunakwenda tena.