Sataranji ukubwani: mafumbo, kukariri mianzo, au kucheza tu?

Karani_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Nina miaka 41, nipo Tanga mjini. Drafti nimecheza barazani Ngamiani tangu utotoni, sataranji nimeanza miaka 3 iliyopita. Nina saa moja tu usiku, watoto wakishalala. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, nimekwama kwenye alama 1400 za kiwango tangu mwaka jana. Nimejaribu mafumbo (unapewa ubao uliopangwa, unatafuta hatua bora), kukariri mianzo, yaani hatua za kufungulia mchezo, kwenye video, na michezo ya dakika 3 kwa kila mchezaji. Hiyo ya dakika 3 ndiyo tamu, ila sisogei. Nishike ipi?

BintiPangani
Kaka, mianzo iweke kando. Nilikariri mwanzo uitwao Ulinzi wa Sisilia hadi hatua ya 10, mpinzani akatoka njiani hatua ya 4, nikabaki natazama ubao. Kiwango chetu hiki watu wanashindwa kwa kuliwa kete bure. Fanya mafumbo. Tovuti ya Chess.com usipolipia unapewa machache kwa siku. Lichess hayana kikomo. Lakini polepole. Nilipofanya 50 kwa kubahatisha sikupata kitu. Sasa nafanya 10, na sigusi kete mpaka nimeliona na jibu la mpinzani.

Fundi_Makorora
Dada, nakubali nusu. Fumbo linakwambia tayari kwamba kuna kitu cha kukuta. Mchezoni hakuna wa kukunong'oneza. Mimi nacheza mchezo mmoja kwa usiku, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, kisha naupitia mwenyewe na daftari kabla ya kuwasha Stockfish, programu ya kuchambua sataranji. Naandika wapi niliogopa, wapi nilisogeza bila kutazama. Mashine inajua hatua bora, lakini nilichokuwa nawaza nakijua mimi tu. Dakika 3 achana nazo kabisa, ndugu yangu. Ule mkono wa kutangulia kabla ya akili nimeuacha kwa taabu.

MzeeWaBao
Wanangu, mwisho wa mchezo mmeusahau. Pangeni ubao, hata wa boksi: mfalme mweupe nyumba ya e5 (safu ya e, mstari wa 5), askari wake e4, mfalme mweusi e7. Basi, hakuna kete nyingine. Zamu ikiwa ya mweupe, ni sare mweusi akicheza sawasawa. Zamu ikiwa ya mweusi, kashindwa: lazima apishe, akienda kushoto mfalme mweupe anapenya kulia, na askari anapanda hadi kuwa malkia. Nyumba ni zilezile, kilichobadilika ni zamu tu. Chezeni pande zote mbili mpaka mkono uzoee. Robo saa kwa wiki yatosha, na mtaokoa michezo mliyokwisha kuikatia tamaa.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Hiyo ya zamu nimeipanga sasa hivi kwenye meza ya jikoni, na kweli!

Karani_Chumbageni
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Jana nimefuata ya Fundi. Nimeshindwa hatua ya 31. Nilipopitia na daftari: hatua ya 17 nilisogeza ngome ikashambulie, nikasahau ndiyo iliyokuwa inamlinda farasi wangu. Nikafungua michezo mitano ya nyuma niliyoshindwa. Mitatu ni kosa hilohilo, kete inaondoka na kuiacha nyingine wazi. Mwaka mzima sikuliona, kwa sababu nikishindwa nilikuwa nabonyeza mchezo mpya papo hapo. Leo ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika swali moja: hii ninayoisogeza inamlinda nani?