Nimemaliza Vuta N'Kuvute, naombeni nyingine ambazo watu wanaongea kama watu

dada_wa_buza

Wakuu habari za jumapili. Juzi usiku nyumba ilivyotulia nikaiwasha Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021, najua wengi mliiona kitambo ila mi ndo nimeipata sasa na kusema ukweli bado ninayo kichwani, jana nzima kazini nilikuwa naifikiria yenyewe tu. Kwa asiyeijua, ni Zanzibar ya miaka ya 1950 Mwingereza bado anatawala, Yasmin binti wa Kihindi kaozeshwa mzee asiyemtaka, anaikimbia ndoa, huko anakoangukia anakutana na Denge, kijana wa harakati anayewindwa na polisi wa mkoloni. Ndo filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto na ndo tuliyoipeleka Oscar 2022, ya pili tu toka Maangamizi ya 2001, yani miaka yote ile katikati hatukupeleka kitu.

Sasa mi kilichonikamata hata siyo mapenzi yao, ni sauti zao. Watu wanaongea taratibu. Mtu anaulizwa swali anakaa kimya kwanza, unaona kabisa anafikiria, halafu anajibu nusu, nusu iliyobaki anaimalizia kwa macho. Nimekulia kwenye Bongo Muvi mimi, Kanumba alivyofariki 2012 nililia kama nimefiwa na kaka, kwa hiyo msinielewe vibaya, nazipenda. Ila kule wapenzi wako kochi moja halafu wanaongea kama mmoja yuko Kariakoo mwingine yuko Kigamboni.

Naombeni mniambie mmeangalia nini karibuni, ya huku kwetu, Tanzania, Kenya, Uganda, popote, ambayo mtu akiongea unasema huyu namjua, huyu ni wa mtaani kwetu. Na mlioiona hii mliionaje, hasa nyie wa Unguja.

mtoto_wa_kikwajuni

Dada wa Buza mie nimeiona mara mbili, na mara zote mbili nimetoka na roho nusu inafurahi nusu inauma. Sie tulosoma HKL, ule mchepuo wa historia, Kiswahili na Kiingereza, kitabu cha Adam Shafi tumekisoma darasani kidato cha tano na cha sita, tumekichambua wahusika na dhamira mpaka tukakihifadhi, kwa hivo ukitwambia Vuta N'Kuvute sie tunataka kila mtu wetu tumuone. Kitabuni mna Mombasa, mna Bukheti, mna Koplo Matata na vitimbi vyake, mna watu wanabishana siasa usiku kucha. Filamu ni saa moja na nusu tu, imekazia Yasmin na Denge, wengine wote wanapita. Denge wa kitabuni ana maneno bwana, anakupa hoja mpaka unakubali mwenyewe. Huyu wa filamu kazi yake kubwa ni kutazama.

Lakini kwenye sauti nakuunga mkono mia kwa mia. Na Mwajuma, yule rafiki wa Yasmin! Wamemweka Siti Amina ambae mwenyewe ni mwimbaji wa taarab kwelikweli, kwa hivo akiimba hujioni kama unaangalia mtu anaigiza kuimba.

Jengine ambalo watu wa bara huenda likawapita ni kule kuvuka. Yasmin anatoka Mji Mkongwe anaingia Ng'ambo. Zamani baina ya sehemu mbili hizi pakipita mkono wa bahari, baadae wakaufukia, leo ni barabara tu Darajani pale watu wanavuka na mifuko yao ya sokoni hata hawana habari. Wakati ule kwa binti kama yeye kuhamia Ng'ambo kwa rafiki Mswahili ilikuwa kama kajitoa mwenyewe kwa watu wake, na kwao hawakuhitaji kusema neno, mlango unafungwa basi. Filamu hiyo imeionesha bila ya kuhubiri, na kwa hilo nawapa heshima yao.

mzee_wa_banda

Nawasoma vijana wangu, mnaongea vizuri, ila mi nina neno tofauti. Nimeendesha kibanda umiza Mbagala miaka mingi, mabenchi, feni moja na TV, na nawaambia muvi iliyokuwa inajaza watu mpaka wengine wanachungulia dirishani ilikuwa yoyote ile aliyoitafsiri Lufufu. Mchina anaongea Kichina chake kule nyuma, Lufufu juu anakupa Kiswahili, huyu ndo steringi, huyu kamuulia baba yake, sasa subiri uone anavyolipa kisasi, na watu kibandani wanamjibu! Mama muuza maandazi alikuwa anaingia na beseni lake anakaa mpaka mwisho, hajui kusoma yale maandishi ya chini lakini hadithi anaijua kuliko wewe.

Kwa hiyo dada unaposema watu waongee kama watu, mi nakwambia kwa sisi wa vibandani Kiswahili cha sinema kilianzia kwa wale wasimuliaji. Kabla yao sinema ilikuwa ya waliosoma. Mi mpaka leo ukiniuliza nimeangalia nini wiki hii nitakwambia muvi za Kikorea zilizotafsiriwa, na nimezifurahia sana. Hiyo Vuta N'Kuvute nilianza kuiangalia kwa mwanangu, picha nzuri, kuta zile, vichochoro, taa, lakini ni ya polepole mno, ningeiweka kibandani wangedai hela yao.

ka_umoja

Niaje watu wa TZ, mi niko Nairobi, huwa nasoma tu leo wacha nichangie. Mzee wa banda shikamoo, muvi yako iko, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina ya 2018. Ni msichana mdogo anaitwa Jo, ni mgonjwa sana, ugonjwa wa kutopona, mamake anamtoa hospitali anamrudisha kijijini amalizie siku zake nyumbani. Huyo mtoto anapenda muvi za majasiri wenye nguvu za ajabu kuliko kitu yoyote. Sasa hapo kijijini kuna jamaa anaonyesha watu muvi huku akizisimulia juu juu vile DJ Afro hufanya huku kwetu, yani ni banda yako tu mzee. Dadake Jo anaanza kumfanya aamini ako na hizo nguvu, halafu kijiji chote kinaingia kwa hiyo story, mpaka wanaamua kumtengenezea muvi yake.

Nimeiona tena wiki jana na mamangu. Mwanzo nilikuwa naogopa itakuwa ile ya kukulazimisha ulie, muziki wa violini, mtoto anakohoa. Haikuwa hivo. Watu wanacheka, wanagombana, mama anakasirika juu anaona wanamdanganya mtoto wake badala ya kumwacha apumzike, na ukimsikiza mama uko upande wake, ukimsikiza dada pia uko upande wake. Hapo ndo iko ngumu. Mamangu hakusema kitu mpaka ikaisha, halafu akaniuliza huyo mtoto ameigiza wapi kwingine.

Ya pili ni Nairobi Half Life ya 2012, ya Tosh Gitonga, hiyo ndo ilikuwa ya kwanza Kenya kupeleka Oscar. Mwas anatoka ushago anataka kuwa muigizaji, kule kwao alikuwa anauza DVD kwa kuigiza zile scene mbele ya wateja, anafika Nairobi siku ya kwanza anaibiwa kila kitu na bado yeye ndo anashikwa na polisi. Dada wa Buza ukitaka kusikia watu wanaongea kama watu hiyo ndo yenyewe, Sheng imejaa, Kikuyu kiko, hakuna mtu anaongea Kiswahili cha habari ya saa moja.

mama_wa_dodoma

Habari zenu wapendwa. Mimi nimeangalia mbili mwezi huu.

Binti ya Seko Shamte, 2021, iliingia Netflix, ndiyo ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuingia huko. Ni wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na kipande chake: mwenye duka anayesumbuliwa na mkopo, bibi harusi mtarajiwa, anayetafuta mtoto mimba zinatoka, na mama mwenye mtoto wa usonji. Nilimaliza nikakaa. Nina dada yangu alipita hayo ya mimba kutoka na nakumbuka watu walivyokuwa wanakuja kumpa pole halafu wanaulizana jikoni ana shida gani, sasa kumuona mwanamke wa Kitanzania kwenye kioo anabeba kitu kile kwa heshima, siyo mchawi siyo mke mwenza kamroga, nilishukuru jamani. Kasoro yake kwangu ni kwamba maisha yao masafi mno, nyumba nzuri, magari mazuri, nilitamani mmoja wao awe anapanda daladala.

Nyingine ni Nawi ya Kenya ya 2024. Turkana kule, binti kafaulu mtihani vizuri kabisa halafu baba anataka kumuoza apate mifugo. Aliyeigiza ni Michelle Lemuya Ikeny na alipata tuzo ya AMAA, zile za filamu za Afrika, mwaka ule ule kama chipukizi, na anastahili. Kuna watu wanasema hii hadithi ya binti kuozeshwa tumeiona mara nyingi, mi nasema waacheni kwanza mabinti waache kuozeshwa ndo tuseme tumechoka kuiona.

shika_boom

Nimesoma uzi wote nikaona niseme kitu maana nimekaa kwenye lokesheni za Bongo Muvi na kazi yangu ilikuwa hiyo jina langu linavyosema, kushika boom, ile fimbo ndefu yenye maiki. Watu wanadhani waigizaji wetu wanapayuka kwa sababu hawajui kuigiza. Wengi wanajua sana. Wanapayuka kwa sababu maiki iko mbali.

Ngoja niwaeleze inavyokuwa. Mmeazimwa nyumba na rafiki wa prodyuza, sebule kubwa, chini tailizi, juu dari ya jipsam, mapazia mepesi. Ukipiga kofi moja mle sauti inazunguka ukuta wote ndo inarudi. Mnazima friji, mnazima feni, joto linapanda, poda inaanza kumtoka dada usoni, mmeshaanza sini jirani anawasha pampu ya maji. Mnasubiri. Pampu inazima, bodaboda inapita. Dairekta anaangalia saa maana siku hiyo ana sini nyingi za kumaliza na nyumba inarudishwa jioni. Kamera imekaa mbali inachukua sebule nzima kwa hiyo mimi na boom yangu siwezi kusogea nitaonekana. Suluhisho la haraka ni lipi? Mwambie muigizaji aongeze sauti. Akiambiwa hivyo kwenye muvi kumi, ya kumi na moja haambiwi tena, anaongeza mwenyewe hata ukimbana kimaiki kifuani. Na zile kelele zilizobaki wanazifunika na muziki, ndo maana kinanda hakinyamazi.

Enzi za CD ndo ilikuwa mbaya zaidi, muvi moja ilibidi itoke Part 1 na Part 2, kwa hiyo mnapiga maneno mengi ili mjaze muda, nani atakupa nafasi ya ukimya.

Sauti ya chini siyo lazima iwe ghali sana. Mablanketi ukutani nje ya fremu, mkeka au zulia chini, maiki ndogo imefichwa kwenye nguo na kitambaa kisisugue, halafu kabla hamjaondoka wote mnanyamaza mnarekodi chumba kitupu kama dakika moja, hiyo ndo anayeitumia mhariri kuziba pale alipokata. Sehemu nyingine nilizofanya kazi ukiomba hiyo dakika moja wanakuona unachelewesha watu. Kwa hiyo dada ukisikia Yasmin ananong'ona na unaelewa kila neno, ujue kuna mtu wa sauti alipigania nafasi na muda wake, na dairekta alikubali kusubiri.

dada_wa_buza

Shika Boom asante sana kaka, hapo kwenye kinanda hakinyamazi umenifungua, jana nimeweka Bongo Muvi moja ya zamani nikawa nasikiliza tu, na kweli kila muziki ulivyoshuka nikasikia mvumo kule nyuma.

Supa Modo nimeiona Ka Umoja. Nakubaliana na wewe kuhusu mama, na nadhani hata watu wa kijiji wameongozwa vizuri sana, hakuna anayejionesha kwamba anamfanyia mtoto hisani. Ila mwishoni mi naona kuna sehemu walituambia kitu ambacho tayari tulishakiona kwenye uso wa mama, wangeacha tu. Mzee wangu wa banda hii iangalie kwa kweli, na siyo ya polepole.

Mama wa Dodoma kuhusu Binti naona kama wewe, ya mwenye mtoto wa usonji ndo imenikaa zaidi. Nafikiri ingekuwa sawa hata kama kipande hicho kingekuwa filamu nzima peke yake.

Kikwajuni wewe tutabishana. Denge kukaa kimya mi ndo nimempenda kwa hilo. Mtu anayesakwa na polisi haongei hoja kila anapoenda, anapima kila aliye chumbani.

mtoto_wa_kikwajuni

Hilo la kupima nakupa, sikulifikiria kwa upande huo. Lakini soma kitabu halafu urudi hapa, maana nachodai mie siyo aongee ovyo. Denge watu walimfuata kwa kichwa chake na kwa alivokuwa akiwafafanulia wenziwe kwa nini mkoloni aondoke, na asiyesoma akiiangalia filamu hajui Yasmin kapenda nini kwake zaidi ya sura. Ungewekwa usiku mmoja tu wa mabishano, sauti ya chini hiyohiyo, wanabishana na masikio yako mlangoni, pangetosha.

mzee_wa_banda

Hapo hata mimi ningekaa mpaka mwisho.

dada_wa_buza

Sawa Kikwajuni, kitabu nakitafuta. Ka Umoja swali la mwisho, nimesikia pia Kati Kati ya huko kwenu inasifiwa, kuna Kiswahili ndani au Kiingereza tu?

ka_umoja

Kati Kati ni kali, ya Mbithi Masya 2016, dem anaamka porini hakumbuki kitu anaingia kwa loji anapata wenyeji wote ni watu walishakufa, lakini Kiingereza ni kingi, Kiswahili kidogo. Kwa vile umeuliza anza na Nairobi Half Life. Usiiweke watoto wakiwa hapo, kuna matusi na damu. Na Sheng ikikushinda mahali andika hapa dakika yenyewe nitakuambia walisema nini.